Freddie Mercury: wa Unguja, wa Bombay au wa London?

Ukitoka Forodhani ukaingia Shangani, hufiki mbali kabla papasi, kijana wa kutembeza watalii, hajakuita. Atakuonyesha mlango wa nakshi na kukuapia kwamba humo ndimo alimozaliwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen. Pinda kona mbili, papasi mwingine ana mlango wake. Ukweli ni kwamba mtoto yule alizaliwa hospitali ya serikali, Alhamisi ya tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake walikaa nyumba zaidi ya moja ndani ya Mji Mkongwe. Mlango mmoja wa kumdai peke yake haupo.

Ugomvi huo wa vichochoroni una kaka yake mkubwa. Vitabu vya muziki vinamwandika "mwimbaji wa roki wa Uingereza". Wahindi wanasema damu ni yao. Wairani nao wana dai, la zamani kuliko yote. Na sisi wa pwani tunamwita Mzanzibari, hasa tukiwa mbele ya mgeni. Kila mmoja ana karatasi yake mkononi na hakuna anayesema uongo, ndiyo maana ubishi hauishi. Tuzisome karatasi zenyewe.

Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Jina lake ni Farrokh Bulsara, mtoto wa Bomi na Jer. Wazazi wametajwa kuwa "Wahindi wa Uingereza" kwa uraia, na "Parsi" kwa asili. Hapo hapo kuna kosa moja la kuondoa njiani: huyu hakuzaliwa Tanzania. Nchi yenye jina hilo haikuwapo mpaka mwaka 1964. Aliyekaa kwenye kiti cha enzi Unguja alikuwa Sultani Khalifa bin Harub, lakini tangu 1890 visiwa vilikuwa himaya ya Uingereza, na kwenye mambo mazito neno la mwisho lilikuwa la Mwingereza.

Katika himaya ya namna hiyo, kuzaliwa mahali hakukukufanya raia wa mahali hapo. Wapo waliohesabiwa raia wa Sultani, na wapo waliohesabiwa watu wa mfalme wa London kwa sababu tu baba yao alipanda meli Bombay na si Muscat. Bomi Bulsara alikuwa wa kundi hili la pili. Kwao kulikuwa Gujarat, katika mji wa Bulsar, ambao siku hizi unaitwa Valsad, na jina la ukoo limetoka huko. Pwani hatuhitaji kuelezwa sana mtindo huu, maana nasi tuna akina Lamy na akina Barawy. Kazi yake ilikuwa kushika fedha katika Mahakama Kuu ya Zanzibar, chini ya serikali ya kikoloni. Hakuwa tajiri wa karafuu wala mwenye majumba. Alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa uhakika, mtumishi nyumbani na watoto wa kusomesha.

Na Uparsi ni nini? Hapa ndipo Wairani wanapoingia. Waparsi ni kizazi cha Wazoroasta waliohama Uajemi baada ya dola ya Kiislamu kuiteka nchi hiyo, wakavuka bahari hadi Gujarat zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Huko walichukua lugha ya Kigujarati na mavazi ya wenyeji, lakini dini hawakuiacha: ni dini ya nabii Zarathustra na ya Mungu mmoja aitwaye Ahura Mazda. Mitaani waliitwa waabudu moto, na wengine wanawaita hivyo hata leo. Si haki. Moto kwao ni karibu na kibla kwa Muislamu: unauelekea wakati wa ibada, lakini si huo unaoabudiwa. Unguja walikuwa wachache, wengi wao watu wa kalamu na taaluma, na walikuwa na hekalu lao. Farrokh akiwa bado mdogo alifanyiwa ibada ya kuingizwa katika dini, akavishwa fulana nyeupe na kufungwa uzi mtakatifu kiunoni. Tutaukuta Uzoroasta huu tena mwisho wa maisha yake, wakati mashabiki wengi walikuwa hawajui kama upo.

Kwa hiyo kabla mtoto hajaimba noti moja tayari ana nyumba tatu: Uajemi wa mababu, Gujarat ya wazazi na Unguja ya kuzaliwa, zote chini ya bendera ya nne. Unguja yenyewe ilikuwa mbili. Mji Mkongwe ulikuwa wa Waarabu, Wahindi na Wazungu wa ofisini. Ng'ambo, upande wa pili wa kijito cha Darajani, ndiko walikoishi Waafrika wengi. Mtoto wa karani wa Kiparsi alikulia upande wa mawe. Nalitaja hili kwa sababu tukisema "mtoto wa Zanzibar" huwa tunapiga picha ya mtoto wa Unguja yote, na mji wa 1946 haukuwa hivyo.

Halafu akaondoka. Alipofika miaka 8 wazazi walimpeleka bweni India, katika shule ya St. Peter's, mjini Panchgani, kwenye milima ya kusini mashariki ya Bombay. Ilikuwa shule ya mtindo wa Kiingereza kwelikweli: ngumi za ulingoni, mpira wa meza, kwaya na piano. Wenzake walishindwa jina la Farrokh au hawakulitaka, wakamwita Freddie, na hata nyumbani likazoeleka. Mwaka 1958, akiwa na miaka 12, alianzisha na wenzake wanne wa shuleni bendi iitwayo The Hectics. Yeye hakuwa hata mwimbaji mkuu. Alikaa nyuma, kwenye piano. Waliokuwa karibu naye walisimulia kwamba akisikia wimbo redioni mara moja aliweza kuketi na kuupiga.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Piga hesabu: katika miaka 17 ya kwanza ya maisha yake, Zanzibar ilipata takriban tisa, na mingi kati ya hiyo ni ya utoto ambao mtu haukumbuki vizuri. Desemba 10 mwaka huo Zanzibar ikapata uhuru. Januari 12, 1964, yakaja Mapinduzi. Maelfu waliuawa, wengi wao Waarabu, na Wahindi kwa Waarabu wakaanza kutafuta chombo cha kuwatoa kisiwani. Karani wa serikali ya kikoloni iliyokwisha hakuwa na la kusubiri. Familia ya Bulsara ilifunga virago ikaenda Feltham, magharibi mwa London, mtaa wa nyumba ndogo za matofali ambako ndege za Heathrow hupita juu ya mapaa.

Wapo wanaosimulia kwamba Mapinduzi ndiyo yaliyompa dunia Freddie Mercury. Mimi naona usemi huo una ukatili ndani yake, kana kwamba damu ya watu ilikuwa nauli ya nyota mmoja. Na pia si lazima uwe kweli. Kijana aliyesoma bweni la Kiingereza, mwenye baba wa serikali ya Kiingereza, huenda angeishia London kwa njia nyingine yoyote. Njia yake ilikuwa imechorwa tangu Panchgani.

London ndiko karatasi ya mwisho ilikoandikwa. Tarehe 2 Juni 1969 alisajiliwa rasmi kuwa raia wa Uingereza na Makoloni yake. Kisheria, kuanzia siku hiyo hakuna ubishi. Na mwaka huo huo alimaliza Chuo cha Sanaa cha Ealing na stashahada ya usanifu wa michoro. Watu hulipita jambo hili haraka, lakini mimi nadhani Ealing ilimtengeneza kuliko shule nyingine yoyote. Huko alijifunza kwamba kitu kinauzwa kwa sura kabla ya sauti. Alimchora Jimi Hendrix, mpiga gita Mweusi kutoka Marekani, mara nyingi mno, akimfuata kwenye maonyesho yake kama muridi na shehe wake. Alibeba mizigo Heathrow, akauza nguo za mitumba na mapambo katika soko la Kensington pamoja na rafiki yake, mpiga dramu Roger Taylor.

Taylor na mpiga gita Brian May walikuwa na bendi iitwayo Smile. Mwimbaji wao alipoondoka mwaka 1970, Freddie akaingia, na karibu kila kitu kikabadilika kwa amri yake. Bendi iitwe Queen. Nembo akaichora mwenyewe kutokana na nyota za kuzaliwa za wanabendi: simba wawili, kaa mmoja, na mabikira wawili kwa ajili yake, juu yao ndege wa moto ametandaza mbawa. Mpiga besi John Deacon alijiunga mwaka 1971. Na jina la Bulsara likawekwa kando, akawa Mercury, jina la sayari na la tarishi wa miungu ya Warumi.

Je, alikuwa anaficha asili yake? Swali hili ndilo huwakera wengi Zanzibar, kwamba mtoto wetu alituonea haya. Ni kweli hakupenda kulizungumza. Waandishi wa habari walipouliza utoto wake aliwajibu kwa mzaha au kwa kifupi. Lakini tukumbuke Uingereza ya miaka ile. Mwaka 1968 mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake dhidi ya wahamiaji, na neno la kuwadhalilisha watu wa asili ya Kihindi lilitupwa barabarani mchana kweupe. Hakukuwa na mfano wa kijana wa sura yake anayeongoza bendi ya roki. Kubadili jina lilikuwa jambo la kawaida kwa wasanii weupe pia. Kwake lilikuwa na kazi ya ziada. Nyumbani Feltham, kwa mama yake, aliendelea kuwa mtoto wa Kiparsi anayekula chakula cha Kiparsi.

Sasa tuje kwenye muziki, maana bila muziki hakuna ambaye angemgombea.

Albamu ya kwanza ya Queen ilitoka mwaka 1973, lakini wimbo uliowaweka mahali ambapo hapajabanduliwa ni "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975. Una dakika 5 na sekunde 55, wakati redio zilitaka dakika tatu. Hauna kiitikio kinachorudi. Unaanza kwa sauti za kwaya bila ala, unashuka kwenye piano na kijana anayemwungamia mama yake, unapasuka kuwa opera ya mzaha, unageuka roki nzito, kisha unazima taratibu kama taa ya mafuta. Kazi ilianza Agosti katika studio ya Rockfield, huko Wales. Ile kwaya kubwa unayoisikia ni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, walioimba juu ya sauti zao wenyewe tena na tena, tabaka juu ya tabaka. Mkanda ulipitishwa kwenye mashine mara nyingi hadi unga wake ukaanza kufifia. Walisimulia kwamba waliuinua kwenye mwanga wakaona upande wa pili. Kampuni ya santuri ilisita. Mtangazaji Kenny Everett, rafiki wa Freddie, akaupiga mara 14 katika Jumamosi na Jumapili moja. Ukakaa kileleni mwa chati ya Uingereza wiki 9.

Na katikati ya opera ile, mtu wa pwani hushtuka: kwaya inaita "Bismillah". Ukiwa umekulia mahali ambapo neno hilo hutangulia kila tonge, huwezi kulisikia kama Mwingereza anavyolisikia. Wengine wamelichukua kuwa ushahidi wa utoto wa Unguja. Inawezekana, mtoto wa Shangani aliamka na adhana akalala na adhana, awe Parsi au asiwe. Mwaka 1978 aliandika pia "Mustapha", wimbo unaofunguka kwa mlio wa kama mtu anayeita kutoka mnarani, wenye maneno ya Kiarabu yaliyochanganywa na maneno yasiyo na maana. Hakuwahi kufafanua nyimbo zake, na "Bohemian Rhapsody" alikataa kabisa kuifasiri.

Lakini wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakidai kusikia taarabu katika mapambo ya sauti yake. Nimesikiliza kwa nia njema. Sisikii. Nasikia Little Richard, mwimbaji wa roki wa Marekani wa enzi zile za Panchgani, nasikia opera, nasikia vichekesho vya majukwaa ya zamani ya London, na katika "Somebody to Love" ya 1976 nasikia kanisa la Weusi wa Marekani na mapenzi yake kwa Aretha Franklin. Kusema alizaliwa karibu na Siti binti Saad ni sawa. Siti alikuwa bado hai, akafariki 1950. Kusema alimsikiliza ni hadithi tunayojitungia.

Sauti yenyewe wataalamu wameipima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba akizungumza alikuwa na sauti ya kati ya kiume, si ile ya juu aliyoimbia, na kwamba mtetemo wa sauti yake ulikuwa wa kasi kuliko wa kawaida wa waimbaji. Meno yaliyochomoza yalitokana na meno manne ya ziada nyuma ya kinywa. Alikuwa na fedha za kuyang'oa. Alihofia kuiharibu sauti, akayaacha.

Pia tusimfanye Queen nzima. "We Are the Champions" ni wake, lakini "We Will Rock You" ni wa May, "Radio Ga Ga" wa Taylor, "Another One Bites the Dust" wa Deacon. Hata hivyo, katika nyimbo 17 za mkusanyiko wao wa 1981, ambao umeuzwa Uingereza kuliko albamu nyingine yoyote, 10 aliandika yeye.

Kuna doa ambalo msomaji wa Afrika ana haki ya kuliuliza. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, ndani ya Bophuthatswana, moja ya zile "nchi" za bandia zilizobuniwa na makaburu. Dunia ilikuwa imeisusia Afrika Kusini kwa ubaguzi wake. Chama cha wanamuziki Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaingiza kwenye orodha ya waliovunja susio. Walijitetea kwamba wao si wanasiasa na wanapiga kwa yeyote anayetaka kusikia. Utetezi huo ulikuwa dhaifu siku ile na umezidi kudhoofika. Mwanaume aliyezaliwa Zanzibar, mwenye ngozi ambayo Johannesburg ingempangia basi la kupanda, alipaswa kuliona hilo kabla ya wenzake watatu.

Miezi tisa baadaye, Julai 13, 1985, alipanda jukwaa la Wembley kwenye tamasha la Live Aid, lililoandaliwa kuchangia wenye njaa Ethiopia. Watu takriban 72,000 uwanjani, mamilioni kwenye televisheni. Kila bendi ilipewa dakika kama 20. Wengine walileta nyimbo mpya. Queen walileta zile zinazojulikana na kila mtu, zimekatwa na kushonwa zikae ndani ya muda. Ameshika nusu ya mlingoti wa maikrofoni, desturi iliyoanza pale mlingoti ulipomkatikia zamani akaona bora hivyo. Aliita, uwanja ukaitikia, akapandisha, wakapandisha. Anayejua ngoma zetu za kuita na kuitikia hatashangaa ilivyofanya kazi, ingawa yeye hakuitoa kwetu.

Onyesho lake la mwisho na bendi lilikuwa Knebworth, Agosti 9, 1986. Mwaka uliofuata aliambiwa ana virusi vya Ukimwi. Alikuwa ameishi miaka kadhaa na Mary Austin, aliyemwita mwenza wa maisha hata baada ya mapenzi kwisha. Miaka ya mwisho aliishi na mwanamume, Jim Hutton. Ugonjwa aliuficha, akafanya kazi kama mtu anayekimbizana na jua. Mwaka 1988 ilitoka "Barcelona", albamu aliyoimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania. Wenzake walipokuwa na shaka kama ana nguvu za kuimba "The Show Must Go On", alipiga funda la vodka akaimba. Novemba 23, 1991, alitangaza ugonjwa wake. Kesho yake jioni akafariki nyumbani kwake Kensington, ana miaka 45. Dawa za mseto ambazo zimewafanya wengi waishi zilikuja miaka kama mitano baadaye.

Mazishi yaliongozwa na makasisi wa Kizoroasta, kwa sala za lugha ya Kiavesta. Elton John alikuwapo, na wazee wa Kiparsi walikuwapo.

Huku kwetu, uhusiano umekuwa wa kuvutana. Mwaka 2006, wenye mkahawa wa ufukweni unaobeba jina lake walipotaka kusherehekea miaka 60 ya kuzaliwa kwake, Jumuiya ya Uamsho, ya Waislamu wa Zanzibar, ilipinga vikali kwa sababu ya maisha yake ya kimapenzi, na sherehe haikufanyika kama ilivyopangwa. Miaka miwili kabla, sheria ya Zanzibar ilikuwa imeongezewa adhabu kwa mapenzi ya jinsia moja. Novemba 24, 2019, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, makumbusho yenye jina lake yakafunguliwa Shangani. Watalii hupiga picha mlangoni. Jirani anayeuza viungo hunufaika. Kuhusu marehemu mwenyewe wenyeji wengi huchagua maneno.

Na majina yanaendelea kutofautiana kulingana na mahali. Shangani, ukutani, ni Freddie Mercury. Feltham, kwenye nyumba ya wazazi, kibao cha buluu kilichowekwa mwaka 2016 kimeongeza chini ya jina hilo, ndani ya mabano, Fred Bulsara. Na mwaka 2013, katika makaburi ya Kensal Green, London, kilionekana kibao kidogo kimeandikwa Farrokh Bulsara, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, na mstari wa mapenzi kwa Kifaransa uliotiwa saini ya herufi moja, M. Mashabiki walipoanza kumiminika, kibao kikaondolewa. Mwili wake ulichomwa, na majivu yalipo anapajua Mary Austin, na hajamwambia mtu.